Kinga ya Ndege wa Porini Si Kinga ya Kuku Wako

Kila mwaka kuanzia mwezi Septemba, kabla kaskazi haijaanza kuvuma, makundi ya ndege wahamao huwasili katika pwani ya Tanga. Wapo wanaotua katika mabwawa ya chumvi na matope ya mikoko wilayani Mkinga, wapo wanaobaki katika ghuba ya Tanga, na wapo wanaoendelea kusini hadi mdomo wa Mto Pangani na fukwe za Saadani. Wengi wao hutoka Ulaya na Asia, maeneo ambayo katika miaka ya karibuni yamepata milipuko mingi ya homa ya mafua makali ya ndege. Hata hivyo, wakazi wa pwani huwaona ndege hao wakitembea, wakila na kuruka pasipo dalili yoyote ya maradhi.

Hali hiyo huzaa maswali mawili ambayo ni haki ya kila mfugaji na kila mlaji kuyauliza. La kwanza: je, ndege hawa wana kinga? La pili: ikiwa wanayo, je, kuku wa kienyeji anayezurura uani na kula wadudu kama ndege wa porini, naye anayo?

Makala haya hayatangazi mlipuko wowote. Yameandikwa ili kujibu maswali hayo mawili, kwa sababu jibu lisilo sahihi laweza kuigharimu kaya banda zima la kuku, na laweza kuhatarisha afya ya mpishi. Jibu letu kwa ufupi ni hili: ndege wengi wa porini wana kinga ya namna fulani, lakini kinga hiyo humsaidia mwenye nayo asife, haimzuii daima kubeba virusi na kuvimwaga, wala haihamii kwa kuku wako.

Ugonjwa wenyewe

Mafua ya ndege husababishwa na virusi vya jamii ya mafua A. Virusi hivi hupangwa kwa herufi mbili, H na N, zinazotaja protini mbili zilizo juu ya gamba la kirusi. Kwa ndege zimetambuliwa angalau aina 16 za H na aina 9 za N. Ndiyo maana msomaji hukutana na majina kama H5N1 na H5N8.

Makao ya asili ya virusi hivi ni ndege wa majini, hususan bata mwitu, shakwe na baadhi ya ndege wa ufukweni. Aina nyingi ni za ukali mdogo: huishi katika utumbo wa ndege, hutoka na kinyesi, na humwacha ndege akiwa mzima au akiwa na maradhi mepesi. Hatari huanza pale aina za H5 au H7 zinapoingia katika mabanda ya kuku. Huko, kati ya maelfu ya ndege waliobanana, virusi vyaweza kubadilika na kuwa vikali. Aina kali yaweza kuua kuku 90 hadi 100 katika kila 100, mara nyingi ndani ya siku mbili.

Ukoo wa H5 unaoisumbua dunia leo ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1996 katika bata bukini wa kufugwa huko Guangdong, China. Mwaka 1997 watu 18 waliambukizwa Hong Kong na 6 kati yao wakafariki. Mwaka 2005 ukoo huo uliua maelfu ya ndege wa porini katika Ziwa Qinghai, China, na Februari 2006 ukathibitishwa Nigeria, ikiwa ni mara ya kwanza barani Afrika. Ugonjwa uliokuwa umekuzwa mabandani ukawa umerudi porini ukiwa na makali mapya.

Kinga ya ndege hutoka wapi

Kinga ya ndege ina ngazi tatu, na ni vyema kuzitofautisha.

Ngazi ya kwanza ni kinga ya kuzaliwa nayo. Mwili hutambua mgeni na kupiga kengele ya hatari hata kama haujawahi kukutana naye. Hapa bata na kuku hawako sawa. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba bata ana jeni iitwayo RIG-I, inayousaidia mwili kutambua mapema virusi vya mafua, na kwamba jeni hiyo haikupatikana kwa kuku. Hiyo ni sababu mojawapo inayomwezesha bata kustahimili kirusi kinachomwangusha kuku usiku mmoja. Tofauti hii imo katika maumbile ya jamii nzima. Haibadilishwi na chakula, mazingira wala malezi.

Ngazi ya pili ni kinga inayopatikana baada ya kuugua. Ndege aliyeambukizwa akapona hutengeneza kingamwili, yaani chembe za ulinzi zinazokikumbuka kirusi kile. Bata mwitu aliyewahi kupata aina yenye ukali mdogo aweza kustahimili zaidi anapokutana na aina kali inayofanana nayo. Lakini ulinzi huo una pande mbili zinazopaswa kumtia mlaji wasiwasi. Kwanza, hupungua kadiri miezi inavyopita, na waweza kuwa dhaifu mbele ya aina nyingine ya virusi. Pili, mara nyingi humkinga ndege na kifo bila kumkinga na maambukizi. Ndege wa namna hiyo huambukizwa tena, haonyeshi dalili, na kwa siku kadhaa hutoa virusi katika kinyesi chake. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Katika ugonjwa huu, mwenye afya usidhani hana virusi.

Ngazi ya tatu ni kinga ya kurithi kwa mama. Ndege jike mwenye kingamwili hupitisha sehemu yake kwenye kiini cha yai, na kifaranga huanguliwa akiwa nayo. Ulinzi huu hudumu kwa wiki chache tu. Baada ya hapo kinda hubaki bila silaha hadi atakapokutana na kirusi mwenyewe. Kwa hiyo kila msimu wa kuzaliana huleta kizazi kipya kisicho na kumbukumbu ya ugonjwa, na virusi hupata mahali papya pa kuzaliana. Hii ndiyo sababu kubwa inayofanya kinga ya kundi zima la ndege wa porini isikamilike kamwe.

Kinga yenye mipaka

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ndege wote wa porini wako salama. Historia yenyewe inaonyesha kinyume. Mwaka 1961, katika pwani ya Afrika Kusini, zaidi ya buabua 1,000 walikufa kwa aina ya H5N3. Hilo ndilo tukio la kwanza linalofahamika la mafua makali kuua ndege wa porini kwa wingi, na lilitokea katika bara letu, kwa ndege wa jamii ambayo wavuvi wa Tanga huiona ikipiga mbizi kufuata vidagaa.

Tukio la karibu zaidi nasi lilitokea Januari 2017 nchini Uganda. Buabua wenye mabawa meupe, ambao huzaliana Ulaya ya mashariki na Asia na kuja Afrika wakati wa baridi ya kwao, walikutwa wamekufa kandokando ya Ziwa Victoria, ikiwemo ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe. Uchunguzi wa maabara ulithibitisha aina ya H5N8. Ugonjwa huohuo ulikutwa pia katika kuku na bata wa kufugwa, na Kenya ikapiga marufuku uingizaji wa kuku na mazao yake kutoka Uganda. Wafugaji na wachuuzi ambao mabanda yao hayakuwa na ugonjwa nao walipoteza soko.

Mfano wa tatu unatoka mbali, lakini unaeleza vizuri jinsi kinga inavyopatikana na gharama yake. Mwaka 2022 kirusi cha H5N1 kiliingia katika kisiwa cha Bass Rock, Uskoti, penye kundi kubwa kuliko yote duniani la ndege weupe wa baharini waitwao ganeti. Vifo vilikuwa vingi mno. Miongoni mwa waliosalia, watafiti waliona jambo la ajabu: baadhi yao macho yao, ambayo kwa kawaida ni ya samawati iliyofifia, yalikuwa yamegeuka meusi. Walipopima damu waligundua kwamba wengi wa waliokuwa na kingamwili za H5 walikuwa na macho hayo meusi. Ndege hao waliugua wakapona. Ipo kinga, basi. Lakini sehemu kubwa ya kundi ililipa uhai wake kabla wachache hawajaipata, na makinda ya miaka iliyofuata hayakuzaliwa na ulinzi wa kudumu.

Njia kutoka ufukweni hadi bandani

Ni nadra ndege mhamaji wa baharini kuingia moja kwa moja katika banda la kuku. Mara nyingi virusi huhitaji daraja, na katika mazingira ya pwani yetu madaraja ni manne.

La kwanza ni maji. Virusi hivi huweza kudumu kwa siku nyingi katika maji matamu yaliyopoa na penye kivuli. Dimbwi au jaruba la mpunga wanapotua bata mwitu na yangeyange halifai kuwa chanzo cha maji ya kunywa ya kuku.

La pili ni bata wa kufugwa. Huyu huogelea pamoja na bata mwitu mchana na kulala karibu na kuku usiku. Kwa kuwa naye ni bata, aweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili, na hivyo akawa mjumbe kati ya pori na banda.

La tatu ni kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, mgeni aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye sasa ametapakaa katika miji yote ya pwani. Hula mizoga na mabaki ya machinjio, kisha hutua penye pumba za kuku. Katika nchi za Asia Kusini kunguru wa aina hii wamewahi kufa kwa H5N1 baada ya ugonjwa kuenea katika masoko ya kuku.

La nne ni binadamu. Kandambili zilizokanyaga kinyesi cha ndege ufukweni, tenga lililobeba kuku mgonjwa jana na kubeba kuku wazima leo, au mzoga uliookotwa na kuletwa nyumbani kwa ajili ya kitoweo, vyote huweza kuvusha virusi kwa kasi kuliko bawa lolote.

Dhana nne zinazompotosha mlaji

Dhana ya kwanza husema kwamba kuku wa kienyeji ana kinga kama ndege wa porini. Kuku wa kienyeji ni mvumilivu wa jua, njaa na baadhi ya magonjwa, lakini bado ni kuku. Uvumilivu wake haumpi jeni ya bata wala kingamwili za ugonjwa ambao hajawahi kuupata. Kwa kuwa huzurura, hukutana kirahisi zaidi na vyanzo vya maambukizi.

Dhana ya pili husema kwamba kuku aliyechanjwa mdondo, ambao wengine huuita kideri, amekingwa pia na mafua ya ndege. Magonjwa haya mawili yanafanana kwa dalili, lakini husababishwa na virusi tofauti kabisa. Chanjo ya mdondo, ikiwemo ile ya I-2 inayostahimili joto na ambayo hutolewa kwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, ni muhimu na tunaihimiza. Kazi yake ni kukinga mdondo tu. Faida yake nyingine ni kwamba banda lililochanjwa likianza kupata vifo vya ghafla, mfugaji ana sababu zaidi ya kutoa taarifa mapema badala ya kusema ni mdondo wa kila mwaka.

Dhana ya tatu husema kwamba dawa za kuua bakteria, au majani ya mwarobaini na shubiri, huponya ugonjwa huu. Dawa za bakteria haziui virusi. Kuwanywesha kuku dawa hizo bila ushauri huacha mabaki ya dawa katika nyama na mayai, na huchelewesha taarifa ambayo ingeliokoa banda la jirani.

Dhana ya nne husema kwamba ndege aliyekufa au anayekaribia kufa akiwahiwa kisu hana madhara. Hatari kubwa kwa binadamu haipo katika sahani iliyoiva vizuri. Ipo katika kuchinja, kunyonyoa na kutoa utumbo wa ndege mgonjwa. Tangu mwaka 2003 zaidi ya watu 900 duniani wamethibitishwa kuambukizwa H5N1, na karibu nusu yao walifariki. Wengi wao walikuwa wamegusana na ndege wagonjwa au waliokufa.

Kwa nini ndege wa porini hawachanjwi

Wapo wanaouliza kwa nini serikali zisiwachanje ndege wahamao na kuumaliza ugonjwa. Hilo limejaribiwa mahali pachache tu. Mwaka 2023, baada ya mafua makali kuua tai wakubwa waitwao kondori wa Kalifonia, Marekani iliruhusu wachanjwe kwa dharura. Jamii hiyo wakati huo ilikuwa na ndege wasiofika 600, na wengi wao wanajulikana mmoja mmoja. Haiwezekani kufanya hivyo kwa mamilioni ya ndege wanaovuka mabara.

Kwa ndege wa kufugwa chanjo zipo, na baadhi ya nchi huzitumia. Ufaransa ilianza kuchanja bata wake mwezi Oktoba 2023. Lakini chanjo isiyosimamiwa vizuri yaweza kuficha ugonjwa kama kinga ya bata inavyouficha: kuku hafi, lakini virusi vinaendelea kusambaa. Kwa sababu hiyo mfugaji asinunue chanjo ya mafua ya ndege kwa mchuuzi wa mitaani. Chanjo yoyote ya mifugo inapaswa kuwa imesajiliwa na kutolewa kwa maelekezo ya mtaalamu wa veterinari.

Yanayompasa mnunuzi na mpishi

Chagua kuku mchangamfu, mwenye macho maangavu na manyoya yaliyolala vizuri. Epuka tenga lenye kuku aliyezubaa, aliyevimba kichwa, au mwenye kilemba kilichogeuka rangi ya zambarau. Kuku wanaouzwa ghafla kwa bei ya kutupa, hasa nyakati za usiku, huenda wanatoka katika banda lililoanza kufa. Punguzo analolipata mnunuzi hapo hulipwa na mtaa mzima, kwa maana kila kuku anayeondoka katika banda hilo hupeleka ugonjwa mahali pengine.

Nyumbani, tenga kisu na ubao wa kukatia nyama mbichi na vile vya mboga. Nawa mikono kwa sabuni na maji. Sabuni huliharibu gamba la kirusi. Pika nyama hadi joto la nyuzi 70 za Selsiasi lifike ndani kabisa, yaani hadi isibaki sehemu yenye wekundu na mchuzi wake uwe mweupe. Mayai yapikwe hadi kiini kigande. Nyama na mayai yaliyopikwa hivyo ni salama, na hakuna sababu ya kaya kuacha lishe hii muhimu kwa hofu.

Yanayompasa mfugaji

Wape kuku chakula na maji mahali penye paa, pasipofikiwa na kunguru wala yangeyange. Tenganisha bata na kuku. Weka viatu maalumu vya bandani, na uyasafishe matenga yanaporudi kutoka sokoni. Kuku wapya wakae peke yao kwa angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Ukiona vifo vingi vya ghafla, vichwa kuvimba, utagaji kushuka kwa kasi, au ndege wa porini waliokufa kwa wingi ufukweni, usiwaguse kwa mikono mitupu, usiwauze, na usiitupe mizoga baharini au mikokoni. Mjulishe afisa mifugo wa kata au mtendaji wa kijiji au mtaa siku hiyohiyo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo kutoa taarifa ya ugonjwa wa namna hii. Kwa macho hakuna awezaye kutofautisha mafua makali na mdondo; ni maabara tu iwezayo, na sampuli huchunguzwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Jambo la mwisho linawahusu ndege wenyewe. Kuwapiga mawe, kuwawekea sumu au kukata mikoko wanayotua hakupunguzi ugonjwa. Ndege waliotishwa hutawanyika, na walio na virusi huvipeleka mbali zaidi. Aidha, kuwaua bila kibali ni kinyume cha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Ndege hawa wamekuwa wakija na kaskazi tangu kale na wataendelea kuja. Kinga yao ni yao. Kinga ya kuku wako ni paa juu ya chakula chake, maji safi katika chombo chake, na taarifa unayoitoa mapema.